Nuksi wa Garza

Las Cañitas,
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu mpenzi Radhamés,

Pokea salamu zangu zote za dada, pamoja na baraka za Baba, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Natumaini karatasi hii itakukuta salama, wewe na wifi Nereida na watoto. Kile kifua cha mdogo kimetulia? Doña Tatica anasema huko theluji inafika magotini. Mimi hapa nimekaa jikoni nimelowa jasho, nikijaribu kuiwazia inanishinda. Mwambie wifi ile dawa ya kupaka miguu imemfaa sana Baba, isipokuwa anaipaka na kwenye viatu.

Sisi huku ni wazima. Hilo neno nimeliandika, nikalitazama, nikaogopa kuliacha na nikaogopa kulifuta. Nimeliacha kwa kuwa ni kweli: hivi sasa Baba yuko uani kwenye kiti chake anamenya ndizi za kukaanga, na nyusi zake zimeungua. Usishtuke, nitakueleza. Sikupiga simu kwa sababu simu iko sebuleni, na Baba hana haya, akisikia tu jina lako husogeza kiti karibu. Doña Tatica anapanda ndege kesho alfajiri, ameapa atakukabidhi barua hii mkononi pamoja na halua ya maziwa. Wape watoto, lakini na wewe uonje.

Najua mmesikia kwamba Garza, timu yetu, wameshinda. Najua pia mliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari, maana Nereida hunisimulia mambo yenu. Hapa ilikuwa hivyo hivyo, mara mia. Lakini ushindi ule una upande wake ambao hakuna redio iliyoutangaza. Ukiona herufi zimepindapinda usidhani nina haraka. Ni hofu, haijanitoka tangu jana.

Unanijua mimi na besiboli. Tangu enzi zile mlipokuwa mkipiga vifuniko vya chupa kwa mpini wa ufagio na kuvunja vioo vya watu, sijaelewa kwa nini mtu mzima alie kwa ajili ya mpira. Ila nilirudi nyumbani Oktoba, sababu unaijua na jina la Porfirio hatutalitaja humu, na Oktoba hiyo hiyo msimu ukaanza. Kwa kuwa televisheni kubwa uliyotuletea iko kwetu, mtaa mzima ukahamia sebuleni. Na Garza wakaanza kupigwa. Walipigwa nyumbani, wakapigwa ugenini, wakapigwa hata na ile timu ambayo kila mtu huipiga. Watu walikuwa wakitoka kwetu wameinama kama wanatoka mazikoni, na mimi nabaki kuosha vikombe vyao vya kahawa.

Desturi za hapa hujazisahau. Timu ikifungwa mara moja, mrushaji ni mbovu. Ikifungwa kila siku, kuna mtu ana nuksi, na lazima atafutwe. Hakimu wa mambo hayo ni Rufino mwenye duka la pembeni, mwenzako wa kuiba maembe. Ndiye aliyepiga marufuku kufua fulana za Garza mpaka harufu ikanitoa machozi. Ndiye pia aliyeleta ufagio akausimamisha kichwa chini nyuma ya mlango wetu, kama tunavyofanya ili mgeni sugu aondoke, akisema timu pinzani nayo ni mgeni, na iondoke.

Basi siku moja ya Novemba, Baba alisimama katikati ya sebule akatangaza kwamba hana haja ya kuwaficha, mwenye nuksi ni yeye. Akiwa jikoni, Garza wanapiga. Akirudi kitini, wanatolewa. Nilishangaa, Radhamés, kwa sababu mwanzoni mwa msimu alilazwa hospitali kwa ile sukari yake, hakuona wala kusikia mchezo wowote, na Garza walichapwa vilevile. Nilifungua mdomo niseme, akanikata jicho, nikafunga.

Kutoka hapo ikawa ndiyo burudani ya mtaa. Garza wakipata mtu kituoni, sebule nzima inapiga kelele: mzee, jikoni! Wakipata wawili: mzee, uani! Rufino alikuwa akimwambia, "Don Eligio, toa na kivuli chako, kimebaki mlangoni!" Na Baba anacheka, anachukua kofia yake, anakwenda kusimama kando ya pipa la maji mpaka aitwe. Mara nyingine walisahau kumwita. Nilimkuta huko siku moja anazungumza na kuku. Nilicheka, na wewe ungecheka.

Sasa jana. Garza wakifungwa jana, msimu umekwisha. Wakishinda, mchezo wa mwisho ni Jumatano. Sebule ilijaa kabla jua halijapoa. Walikaa mpaka dirishani, na mke wa Rufino akaleta barafu na chupa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amenyoa, amevaa shati la kwenda kanisani. Hakula chakula cha mchana, alisema tumbo limejaa mpira. Mpaka zamu ya nane tulikuwa nyuma kwa pointi tano, na sebuleni hapakuwa na anayeongea.

Ndipo Baba akainuka mwenyewe. Akasema anakwenda uani. Rufino, macho kwenye televisheni, akamjibu kwamba leo uani hakutoshi. "Leo nenda mbali, mzee wangu. Mbali kabisa, mpaka hata jina la Garza usilisikie!" Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokata tamaa. Na mimi nikacheka nao, nilikuwa nimebeba trei. Baba akapita mbele yangu, akaniwekea mkono kichwani akasema Mungu akubariki, binti yangu. Unajua baraka hiyo hutolewa na mzazi ukimwomba, ukiingia au ukitoka. Mimi sikuwa nimemwomba, na anayetoka alikuwa yeye. Sikulifikiria hilo wakati ule. Nilikwenda kuongeza barafu.

Yaliyotokea zamu ya tisa, ile ya mwisho, unayajua kuliko mimi, kwa hiyo nitakueleza jinsi yalivyokuwa hapa. Wapigaji wetu wawili wakatolewa upesi, akabaki mmoja na tulale. Mwanamke mmoja akaanza kukusanya watoto wake. Halafu mmoja akapiga, mwingine akapewa kituo bure, mwingine akapiga, na kabla hatujajua tunaona nini tuko nyuma kwa pointi mbili tu. Umeme ukakatika.

Kilio kilichopanda mtaani sitakisahau. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Rufino aliruka dirishani, mtu mwenye tumbo lile, akawasha redio ya gari lake. Na hapo hapo, kwenye giza, akaanza kutupanga barabarani kama tulivyokuwa tumekaa ndani, ili bahati isitutoroke: wa sofa kushoto, wa dirishani nyuma, wewe ulikuwa umekaa sakafuni, kaa chini! Mtu akapiga chafya wakataka kumla. Mimi nilisimama na trei yangu tupu mahali pa mlango wa jikoni, na mlango wenyewe haukuwepo.

Kisha yule kijana mwembamba ambaye msimu wote walikuwa wakimtukana mama yake akapiga mpira ukaenda usirudi, wenzake wawili waliokuwa vituoni wakaingia naye, na mtangazaji akapiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Tumeshinda. Kaka, watu walilia. Rufino alilibusu gari lake. Sufuria zikatolewa, honi zikalia mtaa mzima, watu wakarusha fataki zilizobaki za Krismasi, na wale wasio na akili wakatoa bastola wakapiga hewani. Mimi nisiyeupenda mpira nilijikuta nimemkumbatia mke wa Rufino tunaruka.

Nikamtafuta Baba nimwambie.

Pipa la maji, hayupo. Chooni, hayupo. Meza ya domino, wamepanda juu ya meza wanacheza, hayupo. Nikaanza kuita, na sauti yangu mwenyewe siisikii kwa honi na sufuria. Nikamvuta Rufino shati nikamwuliza Baba yuko wapi, akafikiri namshangilia, akanibusu mashavuni. Hapo ndipo hofu iliponishika, hofu ya kweli. Mzee wa sukari, hajala tangu asubuhi, taa hakuna, na risasi zinapanda juu na lazima zishuke mahali.

Nilikimbia mpaka mwisho wa mtaa kwa yule mama anayekaanga mihogo. Akaniambia alimwona. Alipita, akamwomba kwa adabu apunguze redio. Akapunguza. Akapita nyumba ya pili, huko nako redio. Ya tatu, redio. Kila mlango ulikuwa unatangaza Garza. Mara ya mwisho alimwona akipita tangi la maji, anaelekea kwenye miwa. Alidhani anakwenda kujisaidia.

Nikaelewa. Aliambiwa aende mahali ambapo jina la Garza halisikiki, naye akatii. Mahali pekee penye kimya jana jioni palikuwa katikati ya mashamba ya kiwanda cha sukari.

Nilipogeuka kutazama upande huo, mbingu ilikuwa nyekundu. Nilitumaini ni mwezi. Halafu upepo ukaleta harufu ya sukari inayoungua, na wewe umezaliwa hapa, unaijua. Fataki zetu zilikuwa zimeangukia miwa mikavu iliyokuwa inangoja kukatwa.

Sijui nilipiga ukelele gani, lakini safari hii walinisikia. Honi zilizima moja moja. Rufino alinijia mbio, na nilipomwambia Baba yumo mle, alikaa chini barabarani. Kisha akainuka akakimbia kunipita. Wanaume wote wakachukua mapanga, wengine bado wana chupa mikononi, na king'ora cha kiwanda kikaanza kulia. Moto wa miwa una sauti, Radhamés. Unapasuka. Kila ulipopasuka niliona mwili wa Baba. Tulikwenda kando ya mashamba tunaita Don Eligio, Don Eligio, moshi unatuingia vinywani, na Rufino mbele yetu analia kwa sauti akimwomba marehemu mama yetu amsamehe, maana ni yeye aliyemtuma. Kufika kwenye njia ya gari moshi la kiwanda, moto ulikuwa pande zote mbili. Wakanishika mikono nisiingie. Nilimng'ata mtu, mpaka sasa sijui ni nani.

Hatukuingia sisi. Ni yeye aliyetoka. Moto ulipopungua tuliona kitu kirefu kimelala katikati ya reli, juu ya kokoto, pale pasipoota muwa wala jani. Kikakaa kitako, kikavaa kofia. Alikuwa amelala kifudifudi, kofia usoni, moto ukampita kushoto na kulia. Nyusi zimeungua, mikono imebabuka kidogo, midomo mikavu. Tulipomfikia akatutazama mmoja mmoja akauliza:

"Walishinda?"

Ungewaona. Wanaume wazima walipiga magoti. Rufino alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima mtaa unamwimbia, Don Eligio mwokozi wetu, mzee aliyeingia motoni kwa ajili ya Garza. Nilimpa maji ya sukari kwa kijiko. Daktari alikuja akasema ana bahati ya ajabu. Neno hilo likawachekesha sana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Walipoondoka wote nilimwogesha masizi. Nilipofika sikioni nikakuta kitu, nikadhani ni jivu limegandia. Kilikuwa kile kidude cha sikioni cha ile redio ndogo uliyomletea mwaka juzi. Waya umeshuka ndani ya shati, na redio yenyewe mfukoni, bado ina joto la mwili wake. Kaka, alisikia mchezo wote. Alikwenda mbali na redio za watu ili watu wamwone anakwenda, halafu akakaa relini na yake mwenyewe, akasikia kila mpira mpaka ule wa mwisho. Kiri, nikamwambia. Akaanza kucheka, meno tu yanaonekana, akaniambia yule kijana mwembamba aliupiga vizuri, eti? Alisema alishangilia peke yake mpaka hakuusikia moto unakuja.

Nikamwambia Baba, basi umepona! Umesikiliza na wameshinda, huna nuksi yoyote, kesho namwambia Rufino na mtaa mzima. Alinishika mkono, na nguvu zile sikujua bado anazo. Akasema nisithubutu. Nikamwuliza kwa nini, akajifanya anatafuta kofia yake. Nikamwuliza tena nikilia, ndipo akasema huku ananitazama magoti.

Alisema siku moja ya Novemba alikuwa dukani kwa Rufino nyuma ya magunia, anachagua vitunguu. Walikuwa wanahesabu ni lini Garza walianza kuharibikiwa. Mmoja akasema Oktoba. Mwingine akauliza, Oktoba nani amekuja hapa mtaani? Kisha mmoja akasema, "Si yule binti aliyeachika? Kaharibu nyumba yake, kaja kutuharibia na timu." Na hawakucheka, Baba alisema. Kama wangecheka angeviacha vitunguu akaenda zake. Wewe unajua ilivyokuwa kwa yule mjane wa mtaa wa juu, aliyepewa nuksi ya timu mwaka ule. Kwanza walimtania. Kisha watoto wakawa wanavuka barabara wakimwona. Mwishowe akahama, na hatujui yuko wapi.

Kwa hiyo jioni ile ile Baba alisimama sebuleni akasema ni yeye. Nuksi hawatakubali iende hivi hivi, aliniambia, lazima wampe mtu, na yeye ni mzee, watamtania tu. Miezi hii yote amesimama kando ya pipa kwa ajili yangu, na mimi nikimcheka na trei yangu mkononi. Nililala sakafuni karibu na kitanda chake, sikufumba jicho.

Ungedhani hofu imekwisha. Asubuhi hii Rufino amekuja na bata wa kuchoma na mke wake na keki. Walimbusu Baba mikono. Halafu Rufino, kwa upole wote, kofia mkononi, akamwuliza Jumatano angependa apelekwe wapi. Wamechanga petroli, Radhamés. Wanataka kumpeleka milimani kabisa, wamlaze huko kwa binamu ya mtu, arudi Alhamisi. Hawana ubaya, wanampenda, na ndiyo inayonitisha. Baba akasema milimani kuna baridi nzuri. Nilipomtazama, akanikata jicho lile lile.

Mimi nimeshaamua, na hajui bado. Jumatano sebule ikijaa nitaweka viti viwili mbele kabisa ya televisheni, chake na changu. Nitawaonyesha ile redio. Nitawaambia kwamba mwokozi wao alisikiliza mchezo wote, na kwamba aliyekuja Oktoba ni mimi, na siondoki. Wakishinda, itakuwa mwisho wa maneno hayo. Wakifungwa, sijui. Na hilo sina mwingine wa kumwambia. Ninachokuomba wewe ni kimoja: mchezo ukianza, piga simu. Nitainua sauti wasikie wote. Mwombe Baba baraka zake, halafu niite mimi kwa jina, uniulize hali, kama mtu anayeuliza hali ya mtu wa nyumba hii.

Msalimie sana Nereida, wabusu watoto, umshukuru Doña Tatica na umsaidie mizigo, mgongo wake mbovu. Tupo, na tunakungoja mwaka ukiruhusu.

Dada yako akupendaye na anayekuogopea hata wewe,
Yudelka

Nimesahau. Ule ufagio wa Rufino jana waliuangusha wakati wa kushangilia, nikaukuta sakafuni asubuhi. Nimeusimamisha tena nyuma ya mlango, kichwa chini, mimi mwenyewe. Usinicheke.